Sakafu ya lamineti: Nzuri kwa macho, hofu yake ni maji

Mteja anayeingia katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Nairobi, Kampala, Kigali au Dar es Salaam siku hizi hakutani na marumaru peke yake. Pembeni ya ukuta husimamishwa mbao ndefu nyembamba zenye rangi ya mninga, ya mvule, au ya kijivu kama mti uliochakazwa na jua. Muuzaji huwa na maneno yake tayari: "Karibu mama. Hii haipasuki, haitaki saruji. Fundi anaingia asubuhi, jioni unarudisha makochi yako."

Karibu yote hayo ni kweli. Yasiyosemwa ndiyo yanayowagharimu watu fedha: kwamba mbao hizo si mbao kamili, kwamba zina adui mmoja mkubwa, na kwamba nyumba ya Limuru na nyumba ya Likoni hazilali juu ya ardhi moja wala hazivuti hewa moja.

Bidhaa yenyewe inaitwa lamineti. Wengine huiita sakafu ya mbao, jina ambalo huwapendeza wauzaji na kuwachanganya wanunuzi.

Kutoka meza ya hoteli hadi sebuleni

Waliokula chai na mandazi katika hoteli za zamani za Afrika Mashariki wanamjua ndugu mkubwa wa sakafu hii. Ni fomaika, ile meza ngumu inayong'aa, isiyojali kikombe cha moto wala sukari iliyomwagika. Fomaika ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita: karatasi zililoweshwa katika gundi ya kiwandani, zikapangwa moja juu ya nyingine, zikashindiliwa kwa joto hadi zikawa kitu kimoja.

Ilichukua miongo mingi kabla ya mtu kufikiria kuikanyaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Perstorp ya Sweden ilianza kutengeneza sakafu kwa njia hiyo, na bidhaa yake, Pergo, ikaenea Ulaya katika miaka ya 1980, kisha Marekani katika miaka ya 1990. Mbao za mwanzo ziliunganishwa kwa gundi, kazi iliyohitaji subira. Katikati ya miaka ya 1990 mafundi wa Sweden na wa Ubelgiji walikuja na ubao wenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ambao ukiinamishwa na kusukumwa hujifunga wenyewe kwa mlio wa "tak". Mlio huo ndio ulioifikisha sakafu hii Afrika Mashariki, kwa sababu tangu hapo fundi hakuhitaji karakana. Anahitaji msumeno, nyundo ya mpira, futi ya kupimia na akili.

Ukikata ubao mmoja na kuutazama kwa ubavu utaona tabaka nne. La juu ni ngozi angavu ya melamini iliyochanganywa na chembe za oksidi ya alumini, kitu kile kile kinachotumika katika msasa, ndiyo maana haikwaruziki ovyo. Chini yake kuna karatasi yenye picha ya mti. Ni picha kweli, iliyochapwa kwa mashine. Kisha kuna kiini cha rangi ya udongo, nacho ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa, jamaa wa karibu wa MDF wanayotengenezea makabati. Mwisho ni karatasi nyingine ya kuuzuia ubao usijipinde.

Kwa hiyo anayetembea juu ya lamineti anakanyaga picha ya mti. Hakuna aibu katika hilo, mradi bei yake iwe ya picha na si ya mti.

Muhuhu na deni la msitu

Afrika Mashariki ilikuwa na sakafu yake ya fahari kabla ya haya yote. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi, na baadhi ya ofisi za serikali, bado zina vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa kama mkeka. Mingi kati ya miti iliyokatwa kwa kazi hiyo ilikuwa muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri unaomea katika misitu ya Karura na Ngong, Arabuko-Sokoke huko pwani, na sehemu za Tanzania. Ugumu wake uliufanya utafutwe hata ng'ambo. Wachonga vinyago wa Ukambani nao waliutegemea. Leo umepungua sana, na ni mti unaokua polepole mno kuweza kulipa deni la misumeno.

Hapo lamineti ina hoja ya haki. Kiini chake kinaweza kutengenezwa kwa miti inayopandwa na kuvunwa haraka pamoja na mabaki ya viwanda vya mbao, na familia inayotaka sebule yenye sura ya mvule haina haja ya kumwangusha mvule. Haimaanishi kwamba ni bidhaa safi isiyo na dhambi; gundi yake inatoka kwenye kemikali, na mabaki yake hayafai kutiwa jikoni kupikia. Lakini kati ya kukanyaga picha ya muhuhu na kumaliza muhuhu wenyewe, uamuzi si mgumu.

Faida zinazoonekana kwa mguu

Faida ya kwanza husikika asubuhi ya Julai katika nyanda za juu. Mtu anayetoka kitandani Nairobi, Mbeya au Musanze na kukanyaga marumaru hujua baridi ina meno. Lamineti, kwa kuwa ni mbao ndani na ina povu chini, haivuti joto la mguu kwa kasi ile. Mtoto anayetambaa hukaa chini bila mama kuhangaika na blanketi.

Ya pili ni muda. Chumba cha mita nne kwa tano, kikiwa tayari, fundi mzoefu hukimaliza kwa siku moja, bila mchanga, bila saruji, bila vumbi la kukata marumaru linaloingia hadi kwenye sufuria za jirani. Kama chini kuna marumaru za zamani zilizo imara na zilizonyooka, hazing'olewi. Lamineti hulazwa juu yake. Tahadhari ni moja tu: milango itahitaji kukatwa kidogo chini.

Ya tatu huwahusu wapangaji, ambao ndio wengi mijini. Marumaru ukishaziweka ni mali ya mwenye nyumba. Lamineti haigandishwi chini. Inaelea. Mpangaji aliyeelewana vizuri na mwenye nyumba anaweza kuifungua ubao kwa ubao siku ya kuhama na kuondoka nayo, ingawa kingo chache zitavunjika na chumba kipya hakitakuwa na vipimo vile vile.

Wenye pumu nao hupata nafuu wakiacha zulia la ukuta hadi ukuta, maana zulia huficha vumbi na wadudu wake. Na waliokulia katika nyumba za sakafu nyekundu ya saruji hawajasahau Jumamosi za kupiga magoti, kupaka nta na kusugua kwa brashi mpaka sakafu itoe sura ya mtu. Lamineti haitaki nta. Ikipakwa nta hubaki na utando unaoteleza.

Pale maji yanapoingia

Kiini cha lamineti ni nyuzi za mbao, na nyuzi hizo zikinywa maji huvimba. Marumaru ikilowa hukauka ikabaki marumaru. Lamineti iliyovimba hairudi. Kingo huinuka, maungio huwa kama matuta madogo, ngozi ya juu huchanika, na hakuna msasa wa kuirekebisha, kwa kuwa ukiisugua unafuta picha.

Maji hayo huja kwa njia tatu, na njia ambayo watu huiogopa zaidi, ya soda iliyomwagika, ndiyo ndogo kuliko zote. Ukiifuta mapema, yamekwisha.

Njia kubwa ni ile ya chini. Jamvi la zege lililomwagwa bila nailoni nzito chini yake hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Juu ya saruji tupu unyevu huo hupotea hewani na hakuna anayeuona. Ukifunikwa kwa lamineti unakosa pa kutokea. Nyumba zilizo karibu na mabonde, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, au katika mitaa ya Dar es Salaam na Mombasa ambako maji ya ardhini hayako mbali, ziko hatarini hata wakati wa kiangazi.

Jamvi jipya lina shida yake pia. Zege hukauka taratibu kuliko uvumilivu wa mwenye nyumba. Kanuni inayofuatwa na wajenzi ni takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jamvi la inchi nne linahitaji kama miezi minne kabla ya kufunikwa kwa kitu chenye mbao. Katika miji yetu, ambako watu huhamia nyumba ikiwa bado inanuka plasta ili kuikwepa kodi ya mwezi ujao, miezi minne ni hadithi. Hapo ndipo sakafu nyingi huharibikia, kisha lawama ikaenda kwa nchi iliyotengeneza mbao.

Kipimo chake hakihitaji mtambo. Kipande cha nailoni angavu cha karibu nusu mita kila upande hubandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, pasibaki tundu, kikaachwa usiku kucha na mchana wake. Kikibanduliwa na kukutwa na umande kwa ndani, au saruji ya chini imegeuka nyeusi kuliko ya pembeni, sakafu haijawa tayari. Mwenye nyumba anayesimamia ujenzi wa Bujumbura akiwa Nairobi anaweza kumwomba fundi amtumie picha ya kipande hicho kwa simu kabla ya kutuma fedha za mbao.

Njia ya tatu ni hewa. Watengenezaji wengi hutaka chumba ambacho unyevu wa hewa hauzidi sana asilimia 60 au 65. Kigali, Nairobi na Arusha kwa sehemu kubwa ya mwaka si tatizo. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika huzidi hapo. Ubao hutanuka. Usipoachiwa nafasi ukutani utasukuma, na kwa kuwa ukuta hausogei, katikati ya chumba patainuka kama mgongo wa samaki.

Hiyo haina maana kwamba watu wa pwani wamekatazwa. Chumba cha ghorofani, kisichogusa ardhi, chenye madirisha yanayopitisha upepo au kiyoyozi kinachotumika kila siku, kinaweza kuibeba lamineti vizuri. Sebule ya chini inayofunguka moja kwa moja kwenye baraza ya mvua haiwezi. Mabanati wa majumba ya mawe ya Lamu na Unguja walimimina sakafu za chokaa na vipande vya matumbawe juu ya boriti za mikoko kwa sababu nzuri. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa bila kuvimba. Kwa mkaazi wa pwani wa leo anayetaka sura ya mbao, kuna mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa chokaa, zinazouzwa kwa jina la SPC. Hazinywi maji. Zina ubaridi kidogo kuliko lamineti na hazipendi jua kali la dirishani, lakini ndoo ikipinduka hakuna msiba.

Shida ni kwamba dukani bidhaa hizi mbili hukaa rafu moja na huitwa jina moja. Dawa ni kutazama ubavu wa ubao: rangi ya kahawia yenye nyuzi ni lamineti, kijivu au cheusi, kizito, kinachofanana na plastiki, ni SPC. Anayeambiwa kwamba lamineti yake "haiingizi maji" aombe kipande cha sampuli, akitumbukize katika bakuli la maji usiku, asubuhi akipime unene kwa rula. Bakuli halina kamisheni.

Sakafu ya nani?

Mjadala huu wote ni wa watu ambao tayari wana saruji chini ya miguu. Katika vijiji vingi vya Rwanda, Burundi, Uganda, Kongo na magharibi mwa Tanzania, sakafu bado ni udongo, na hapo tofauti kati ya sakafu na sakafu si suala la mapambo. Vumbi la udongo ndilo makazi ya funza, na mtoto anayechezea chini hula minyoo pamoja na ugali wake.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Mexico. Katika jimbo la Coahuila serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu za saruji bila malipo. Watafiti walilinganisha familia hizo na nyingine zilizofanana nazo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kubadili sakafu yote ya udongo kuwa saruji kulipunguza minyoo kwa watoto kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Dawa chache zinaweza kujivunia hesabu kama hiyo.

Rwanda imepata jibu la kwake. Tangu mwaka 2014 taasisi ya EarthEnable imekuwa ikitengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa kwa tabaka, kisha kupakwa mafuta ya mimea yanayoganda na kuwa ngozi ngumu inayoweza kufutwa kwa maji. Haitumii saruji, na gharama yake ni sehemu ndogo ya ile ya saruji. Imevuka mpaka hadi Uganda. Kwa bibi wa kijijini anayesikia mjukuu wake wa Kigali akisifia lamineti, hii ndiyo sakafu ya kuulizia kwanza. Mjukuu mwenye fedha za sebule moja ya mjini afanye hesabu upya: huenda zikatosha nyumba nzima ya bibi na chenji ikabaki.

Kununua kwa macho mawili

Sehemu kubwa ya marumaru zinazouzwa katika ukanda huu sasa hutengenezwa ndani ya Jumuiya yenyewe, Mkuranga na Chalinze nchini Tanzania, Kajiado nchini Kenya, Kapeeka nchini Uganda. Lamineti kwa kawaida hutoka mbali, China, Uturuki au Ulaya, ikashuka Mombasa au Dar es Salaam, ikapanda lori kuelekea Malaba au Rusumo. Ndiyo maana rangi iliyopo leo yaweza isirudi katika kontena lijalo.

Kwenye boksi kuna herufi chache zinazofaa kusomwa. AC ikifuatwa na namba huonyesha uwezo wa kustahimili mikwaruzo: AC3 inatosha vyumba vya nyumbani, AC4 ni kwa nyumba yenye watoto na wageni wengi au kwa ofisi ndogo. Unene wa milimita 8 ni wa kawaida na unafaa. Wa 6 hulia kama ngoma ukitembea. E1 huonyesha kwamba mvuke wa fomaldehaidi kutoka kwenye gundi uko chini ya kikomo cha Ulaya. Jambo hilo si la kupuuzwa, maana tangu mwaka 2004 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeihesabu kemikali hiyo miongoni mwa zinazosababisha saratani kwa binadamu. Boksi lisilo na alama yoyote, lenye harufu inayochoma macho, liachwe dukani hata likipunguzwa bei mara tatu.

Hesabu ya idadi ni nyepesi. Chumba cha mita nne kwa tano ni mita 20 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea, zinakuwa 22. Kama boksi moja lina mita 2.2, ni maboksi 10. Bei iulizwe ikiwa pamoja na povu la chini, nailoni, skatingi za pembeni, vipande vya mlangoni na ufundi, kwani wengi hutajiwa bei ya mbao tupu, kisha wakashangaa katikati ya kazi.

Fundi wa marumaru si lazima awe fundi wa lamineti. Anayeanza kwa kuulizia saruji au gundi ya sakafu arudishwe kwa heshima. Anayejua kazi huomba maboksi yalazwe ndani ya chumba hicho hicho, yakiwa yamefungwa, kwa saa 48, ili mbao zizoee hewa. Kisha anatembeza pima maji sakafuni kutafuta mabonde. Anatandika nailoni, anatandika povu, na kila ukutani anaacha mwanya wa karibu sentimita moja kwa kuweka vikabari, mwanya ambao skatingi itaufunika. Mwenye nyumba akiona mwanya huo asiseme kazi ni mbaya. Bila huo, ndipo mbao huinuka.

Kama nyumba ina historia ya mchwa, kazi ianzie kwa mchwa. Kiini cha lamineti kwao ni chakula kilichokwisha kutafunwa.

Ndoo na dada wa nyumbani

Sakafu nyingi zilizowekwa vizuri huharibika kwa usafi. Katika nyumba zetu kusafisha ni kumwaga maji: ndoo, sabuni, fagio, kisha maji yanasukumwa hadi nje. Dada aliyefundishwa hivyo tangu utotoni hana kosa akiifanyia lamineti vile vile siku ya kwanza ya kazi. Ni mwenye nyumba anayepaswa kumwonyesha: fagio laini kwanza, kisha tambara lililokamuliwa mpaka halidondoki tena. Basi. Anayekamua na kuona tone, akamue tena.

Viatu viachwe mlangoni, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za ukanda huu, kwa sababu mchanga chini ya soli ndio msasa wa kweli. Miguu ya makochi ivishwe vipande vya kitambaa kizito. Jiko la mkaa lisiingie. Ngozi ya juu huvumilia kikombe cha chai, haivumilii kaa la moto. Chooni, bafuni na jikoni marumaru zibaki.

Na siku fundi anapomaliza, asiondoke na mabaki yote. Mbao mbili au tatu nzima zifungwe kwa gazeti na kulazwa chini ya kitanda, zisisimamishwe ukutani zikapinda. Ubao mmoja ukija kuharibika baada ya miaka mitano, duka litakuwa limekwisha kubadilisha rangi, huenda hata jina, na chini ya kitanda ndipo patakapokuwa mahali pekee pa kuupata mwenzake.